Mipaka, Kipande na Amri: Jamii za Jinamizi katika Fasihi na Historia ya Kombewa

1. Utangulizi

Katika fasihi ya karne ya 20 limezuka kundi la riwaya ambazo hubuni jamii iliyotawaliwa kwa ukali uliopita kiasi. Katika riwaya hizo nchi hukatwa mapande, kila pande likapewa watu wake na kazi yake. Mtu hunyang'anywa jina akapewa namba. Kutoka mahali hadi mahali huhitaji idhini. Na sheria huingia hata chumbani mwa mtu na mke wake. Jamii za namna hii yafaa ziitwe jamii za jinamizi, kwa kuwa hufanana na ndoto ambayo mwotaji huijua kuwa ni mbaya lakini hawezi kuamka.

Wachunguzi wengi wa fasihi huzichukulia jamii hizo kuwa ni zao la wasiwasi wa Ulaya: hofu ya mashine, hofu ya vyama vyenye nguvu, na kumbukumbu ya vita viwili vikuu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Mambo ambayo mwandishi wa Ulaya aliyaweka katika wakati ujao, mkazi wa ufuko wa Ziwa Viktoria alikuwa amekwisha kuyaishi. Mfano utakaochunguzwa ni Kombewa, katika nchi ya Seme, magharibi ya mji wa Kisumu katika njia iendayo Bondo. Hoja itaendelezwa kwa kutazama mambo manne: mgawanyo wa nchi, hesabu ya watu, lugha ya amri, na jibu la watu wenyewe. Mwishoni itaonyeshwa pia mahali ambapo riwaya na historia huachana, maana hapo ndipo penye faida kubwa zaidi kwa msomaji.

2. Riwaya na wakati wake

Mifano miwili inatosha. Mwandishi Mrusi Yevgeny Zamyatin aliandika riwaya yake iitwayo We katika miaka ya 1920 na 1921, nayo ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1924 huko New York. Katika Urusi yenyewe haikuruhusiwa kuchapishwa hadi 1988. Watu wa riwaya hiyo huishi ndani ya ukuta mkubwa, katika nyumba za kioo, kwa ratiba moja ya saa. Nao hawana majina bali herufi na namba. Mfano wa pili ni Nineteen Eighty-Four ya George Orwell, iliyotolewa mwaka 1949. Humo dunia imegawanyika katika madola matatu, Uingereza imepoteza hata jina lake na kuwa jimbo tu, na watu wamepangwa katika tabaka tatu, ambapo tabaka la chini, lenye asilimia 85 ya watu wote, halihesabiwi kuwa na neno la kusema. Orwell hakuwa mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili, kwani riwaya yake nyingine ilifasiriwa na Fortunatus Kawegere na kutolewa mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama.

Kuna jambo moja katika maisha ya Orwell ambalo halina budi kukumbukwa. Kuanzia 1922 hadi 1927 alikuwa ofisa wa polisi wa dola ya Waingereza huko Burma. Kabla ya kuandika juu ya dola lenye jicho kila mahali, alikuwa amevaa sare ya dola la namna hiyo katika nchi ya watu wengine. Kwa hiyo kuitafuta asili ya jinamizi lake katika Ulaya peke yake ni kuisoma nusu ya habari. Na miaka ile ile ambayo Zamyatin alikuwa akiwatungia watu wake namba, serikali ya Kenya ilikuwa ikiwaandikisha wanaume wa Nyanza na kuwapa namba za kweli.

3. Gweng' na dala: mipaka ya zamani

Lingekuwa kosa kudhani kwamba kabla ya Waingereza nchi ya Seme haikuwa na mipaka wala masharti. Ilikuwa navyo vingi. Ardhi ilishikwa kwa ukoo, na eneo la ukoo au koo zilizokaa pamoja liliitwa gweng'. Ndani ya gweng' palikuwa na wenye ardhi, weg lowo, na pia wageni waliopewa mahali pa kukaa na kulima, ambao waliitwa jodak. Jadak aliweza kukaa vizazi kadhaa, akaoa na kuzaa hapo, lakini hakusahauliwa kuwa ni mgeni, na adabu yake kwa wenyeji ilikuwa sehemu ya haki yake ya kukaa.

Mji wa mtu, yaani dala, nao ulipangwa kwa sheria. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, ilielekea lango. Nyumba ya mke wa pili, nyachira, ilikuwa kuume, na ya tatu, reru, kushoto. Wana wa kiume walijenga simba zao karibu na lango. Mtu alipohama kwenda kuanzisha dala mpya hakwenda peke yake: alifuatana na mwanawe mkubwa na mkewe, na walichukua jogoo, shoka na moto. Kaka mdogo hakumtangulia mkubwa kuoa wala kujenga. Aliyevunja miiko hiyo, iitwayo kwer, aliogopa chira, yaani kudhoofika na kukonda kunakomwandama mkosaji na watoto wake.

Masharti haya hayakuwa mepesi, na si kila mtu aliyafurahia. Mwanamke hakumiliki ardhi kwa haki yake mwenyewe bali kwa mume na wana. Na jadak alijua kwamba ugomvi mkubwa waweza kumwondoa. Hata hivyo yalikuwa na sifa mbili ambazo amri zilizofuata hazikuwa nazo. Kwanza, kila sharti lilikuwa na sababu iliyojulikana na wote, wakubwa na wadogo. Pili, mipaka ya gweng' haikukaa mahali pamoja daima: watu walihama, koo zilimeguka, na aliyebanwa huku alipokewa kwingine. Mpaka ulikuwa uhusiano baina ya watu kabla ya kuwa mstari juu ya ardhi.

4. Lokesheni, rizavu na mji

Utawala wa Waingereza uliingia katika ufuko huu kwa nguvu. Mwishoni mwa karne ya 19, chini ya C. W. Hobley, majeshi yao yaliwapiga watu wa Seme pamoja na majirani zao wa Sakwa na Uyoma, na ng'ombe wengi walichukuliwa. Mwezi wa Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Mwaka uliofuata, 1902, jimbo lote la mashariki ya Uganda lilihamishwa kwa kalamu na kutiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki. Mkazi wa Kombewa alilala akiwa katika himaya moja na akaamka katika nyingine, bila ya kusogeza mguu wala kuulizwa.

Baadaye nchi iligawanywa upya. Jimbo liligawanyika katika wilaya, na wilaya katika lokesheni, kila lokesheni na chifu wake. Wilaya tatu zilipewa jina la Kavirondo: ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini. Jina hilo wenyeji hawakujiita wenyewe, nao walilichukia. Liliondolewa katika majina ya wilaya mwaka 1948, na mahali pake pakawekwa Nyanza. Hapo riwaya na historia hukutana waziwazi: mtawala huanza kwa kumpa mtawaliwa jina asilolijua, kisha humwuliza kwa jina hilo.

Mgawanyo huo haukuwa wa utawala peke yake. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1915 ilifanya ardhi yote ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na wenyeji wakawa wakaaji kwa hisani. Mwaka 1926 mipaka ya rizavu ilitangazwa rasmi, kila kabila na rizavu yake. Sheria ya 1930 iliahidi kwamba ardhi ya rizavu ni ya wenyeji daima. Lakini dhahabu ilipoonekana Kakamega, upande wa kaskazini, sheria ilirekebishwa mwaka 1932 ili ardhi iweze kuchukuliwa bila ya kutoa ardhi nyingine badala yake. Daima ya sheria ilidumu miaka miwili.

Katika mji wa Kisumu mgawanyo ulikuwa wa rangi. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa na serikali ya Uingereza mwaka 1913 kuchunguza afya ya miji ya Afrika ya Mashariki, alishauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe, kila kundi na mtaa wake. Sababu iliyotolewa ni tauni. Mlima ulikuwa wa Wazungu, maduka ya katikati yalikuwa ya Wahindi, na Waafrika walisukumwa pembeni. Tamko la serikali ya Uingereza la mwaka 1923 liliacha kutenga makazi ya mjini kwa sheria ya rangi, lakini bei ya kiwanja na kanuni za ujenzi ziliendelea kufanya kazi ile ile. Hata leo jina la Milimani linamweleza msikilizaji ni nani aliyekaa juu.

Ziwa nalo halikusalimika. Katika Uganda, ambako ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 tangu mwanzo wa karne, Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waondolewe katika ufuko, na baadaye katika visiwa. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na mbung'o walikuwa wa kweli. Lakini jambo hilo lilionyesha kwamba dola laweza kufuta makazi ya pwani nzima kwa amri moja. Baada ya uchunguzi wa Michael Graham wa miaka ya 1927 na 1928, hata tundu la wavu lilipangiwa kipimo, nacho ni inchi 5, ili samaki aina ya ngege wasimalizike. Mvuvi wa Seme, ambaye baba yake alitega kwa mitego ya matete, alijikuta akipimwa wavu na askari.

5. Hesabu ya nyumba na namba ya mtu

Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901. Kwa mtazamo wa ofisi kodi hiyo ilikuwa njia ya kupata fedha na ya kumsukuma mwanamume atoke kutafuta kazi. Kwa mtazamo wa dala lilikuwa jambo zito zaidi. Nyumba ya mikayi, ya nyachira na ya reru, ambazo kila moja ilikuwa na cheo chake na mahali pake, sasa zilikuwa kitu kimoja: nyumba tatu, kodi tatu. Nyumba ya mjane ilihesabiwa pia, na mzigo ukamwangukia ndugu wa marehemu aliyekuwa akimtunza. Sheria ya mwaka 1910 iliongeza kodi ya kichwa, ili kijana asiye na nyumba asiponyoke.

Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 ilimpa chifu uwezo wa kuwatoa watu kazini siku 24 kila mwaka kwa barabara na kazi nyingine za lokesheni. Marekebisho ya mwaka 1920 yaliongeza kazi ya lazima yenye malipo hadi siku 60 kwa mwaka kwa ajili ya serikali. Lakini aliyekuwa amefanya kazi miezi mitatu katika mwaka huo alisamehewa. Sharti hili lafaa kutazamwa kwa makini. Kwa sura yake lilikuwa rehema. Kwa kazi yake lilikuwa mlango uliomwelekeza mtu kwenye shamba la mlowezi. Hakuna aliyelazimishwa kwenda kwa mlowezi. Ilikuwa tu kwamba njia nyingine zote zilizibwa.

Juu ya yote hayo kilikuwako kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, na kuanza kutumika baada ya 1919. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alichukuliwa alama za vidole na kupewa karatasi yenye namba, iliyotiwa ndani ya kibweta cha chuma na kuvaliwa shingoni. Ndani yake liliandikwa jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwacha, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine. Na aliyetoroka kazi alitafutwa kwa namba yake kama mhalifu. Asiyekuwa na kipande alipokutwa nje ya rizavu alifungwa au kutozwa faini. Mzungu na Mhindi hawakutakiwa kuwa nacho. Kiliondolewa tu mwaka 1947, ilipopitishwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote.

Ukilinganisha kipande na namba za Zamyatin utaona tofauti ndogo lakini ya maana. Katika riwaya namba huondoa jina kabisa. Katika Kombewa mtu alibaki na jina lake nyumbani, akaacha namba itumike barabarani. Alikuwa na nafsi mbili, na ufundi wa maisha ulikuwa kujua ni ipi inayoitwa.

6. Lugha ya amri

Kwa wanafunzi wa lugha za Kiafrika kuna jambo jingine la kuzingatia. Kiswahili hakikufika Kombewa kama lugha ya mashairi wala ya ndugu wa pwani. Kilifika kikiwa lugha ya askari, karani na kodi. Dholuo kiliyapokea maneno yake kwa mpangilio unaosimulia historia yenyewe: ushuru ukawa osuru, serikali ikawa sirkal, na askari akawa askar. Katika Nyanza hata neno mlango liligeuka kuwa cheo, likiwa na maana ya mkuu mdogo aliye chini ya chifu, mtu ambaye kupitia kwake amri huingia na kodi hutoka. Ni vigumu kupata tamathali bora kuliko hiyo, nayo haikutungwa na mshairi yeyote.

Orwell alibuni dola linalopunguza maneno ya lugha ili watu wakose njia ya kufikiri uasi. Katika Seme mambo yalikwenda kinyume. Lugha ya amri ilikuwa ngeni na finyu, lakini lugha ya nyumbani haikuguswa. Mtu aliyekaripiwa barazani kwa Kiswahili cha maneno ishirini alirudi jioni katika lugha yenye mithali, mafumbo na majina ya sifa. Dola lilikosa kuitawala lugha hiyo kwa sababu halikuijua.

7. Jibu la watu

Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua maelfu ya wanaume wa Nyanza kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Waliorudi walikuta kipande, kazi ya lazima na, mwaka 1920, kodi iliyopandishwa hadi shilingi 16. Mwaka huo huo himaya ikageuzwa kuwa koloni.

Tarehe 23 Desemba 1921 ulifanyika mkutano mkubwa Lundha, katika nchi ya Gem, jirani ya Seme. Viongozi wake, miongoni mwao Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, walikuwa vijana waliosomeshwa katika shule ya misheni ya Maseno, iliyofunguliwa mwaka 1906 si mbali na Kombewa. Harakati hizo zilijulikana kwa jina la Piny Owacho, yaani 'nchi imesema'. Neno piny lina maana ya ardhi, nchi na ulimwengu pamoja na vilivyomo. Katika kauli hiyo hakuna msemaji mmoja wa kukamatwa. Askari aweza kumshika aliyesema. Hawezi kuishika nchi.

Mwezi wa Julai 1922 Gavana Edward Northey alikutana na watu Nyahera. Kodi ilipunguzwa hadi shilingi 12 na kambi za kazi zilifungwa. Kipande hakikuondolewa, wala hali ya koloni haikubadilishwa, wala hati za ardhi hazikutolewa. Mwaka 1923 harakati ziliingia chini ya ulezi wa Askidikoni W. E. Owen wa misheni ya Kianglikana, zikapewa jina jipya la chama cha ustawi wa walipa kodi. Wanachama walihimizwa kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Hivyo sauti iliyoanza kwa kuhoji amri ilipewa orodha ya amri nyingine, njema zaidi lakini bado ni amri. Hata hivyo kazi ya kueleza malalamiko ya watu kwa maandishi haikukoma.

8. Baada ya uhuru

Uhuru wa 1963 uliwaondoa watawala wa kigeni, lakini mistari yao ilibaki. Lokesheni ilibaki, na chifu alibaki na uwezo mwingi aliorithi hadi sheria yake ilipopunguzwa makali mwaka 1997. Zaidi ya hayo, upimaji wa mashamba na utoaji wa hati uliifanya mipaka iliyokuwa ya uhusiano kuwa ya karatasi. Jadak, ambaye babu zake waliishi hapo kwa adabu na maelewano, aliulizwa ghafla swali lisilokuwa na jibu la ndio au siyo: ardhi hii ni yako au si yako? Wengi walipoteza, na palipo na kesi ya shamba hata leo, historia ya ujadak huzuka tena mahakamani. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo: mstari uliochorwa kwa ajili ya kurahisisha kodi umekuwa kipimo cha nani mwenyeji na nani mgeni.

Katiba ya 2010 imeibadili ramani tena. Kombewa sasa ni makao ya Seme, sehemu ya Kaunti ya Kisumu, na wakazi huwachagua wawakilishi wao. Lakini Wakenya wengi bado hukiita kitambulisho chao kwa jina la kipande. Neno limeishi kuliko kibweta.

9. Hitimisho

Ulinganisho huu umeonyesha kwamba vifaa vya jamii ya jinamizi, yaani mpaka, namba, ruhusa na amri, havikuhitaji kubuniwa. Vilikuwako, vikafanya kazi, na waliovitumia wengi wao hawakuwa majitu bali makarani waliofuata kanuni. Aidha umeonyesha mahali ambapo riwaya hushindwa kuieleza historia. Riwaya ya jinamizi hupenda dola lililokamilika, lisilo na ufa, na shujaa mmoja anayevunjwa mwishoni. Katika Kombewa dola halikukamilika kamwe. Chini ya lokesheni palikuwa na gweng'. Nyuma ya namba palikuwa na jina. Na kando ya Kiswahili cha baraza palikuwa na Dholuo cha jioni. Watu waliishi chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja, na kutoka katika nafasi iliyokuwa baina yake walipata maneno ya kuijibu amri.

Kwa hiyo anayetaka kuandika riwaya ya jinamizi kwa Kiswahili hana haja ya kuazima mandhari ya mbali. Aanze na ardhi anayoikanyaga, aulize mpaka wake ulichorwa na nani na kwa ajili gani, kisha asikilize ni neno gani wazee wa mahali hapo hulitumia kumtaja mgeni.